Jogoo Aliyekagua Dhahabu

Mimi ni fundi wa saa mjini Kitale. Kibanda changu kina meza moja, taa moja na ile lenzi ndogo nyeusi ambayo mafundi hubana kwenye jicho. Hiyo lenzi ndiyo iliyoniponza. Mtu akikuona umeibana jichoni anaamini unaona mpaka dhambi zake, na ukiaminiwa hivyo kwa miaka mingi, wewe mwenyewe unaanza kujiamini.

Sarafu za zamani nilianza kuzipenda kwa sababu wateja waliniletea pamoja na saa za babu zao. Nikajifunza kidogo. Sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na mshono mwembamba pembeni, na herufi zake huvimba kama mahindi yaliyolowekwa. Ya kweli ina ukingo safi, na ukiidondosha mezani inalia vizuri. Hayo yote niliyajua, nayasema mapema ili mtu asidhani nilikosa elimu. Nilichokosa siku hiyo ni akili.

Dada yangu mkubwa aliolewa upande wa Kibabii, kule Bungoma, na sasa ni mjane. Alinipigia simu akaniambia kuna mzee ametoka upande wa Suam na pesa ya dhahabu ya mfalme, iliyofukuliwa ati kwenye shamba la mzungu wa zamani, na anataka kubadilishana na ng'ombe wake. Ng'ombe mwenyewe ni mmoja tu, wa gredi, mwenye mimba, na maziwa yake ndiyo yanayomlisha na kumvisha dada yangu. Pesa hiyo, ati mnunuzi wa Nairobi angeitolea mamilioni.

"Usifanye kitu mpaka nifike," nikamwambia, kwa sauti ya daktari.

Nilifika asubuhi nikakuta viti vya plastiki vimepangwa uani na majirani wameshakaa. Nilidhani nitaangalia kitu hicho faraghani, kumbe nimeitishiwa mkutano. Yule mzee mwenye mali alikuwa amevaa koti na tai, mpole kabisa, na alinisalimia kwa kuniita injinia. Nilipaswa kumrekebisha. Badala yake nilikaa wima zaidi.

Akakunjua leso. Sarafu ilikuwa ndogo, upana wake kama ukucha wa kidole gumba, ya njano inayong'aa kupita kiasi. Nikabana lenzi. Upande mmoja niliona kichwa chenye taji. Upande wa pili, katikati kabisa, kulikuwa na kinundu. Sarafu haina kinundu. Mtu yeyote anayejua chochote angesimama hapo hapo. Lakini uani palikuwa kimya, watu wote wananitazama, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hii ndiyo alama ya kiwanda."

"Aaa," wakasema majirani.

Nikatoa sumaku, haikuinasa. Nikaonyesha kufurahi, ingawa hata shaba hainaswi na sumaku na ninalijua hilo vizuri. Nikaidondosha mezani, ikalia kama kipande cha sabuni. Nikawaeleza kwamba dhahabu nzito hailii ovyo. Mizani yangu ndogo ilikataa kuwaka, betri imekufa, basi nikaipima kwa kiganja huku nimefumba macho. Mpaka leo sijui kwa nini nilifumba macho.

"Ni ya kweli," nikatangaza.

Dada akanitazama kidogo. Akaenda akamfungua ng'ombe, akamleta hadi katikati ya ua, kamba mkononi. Nikaliona lile tumbo la ng'ombe. Ningeweza kusema neno moja tu. Sikulisema, nikafuta lenzi.

Kabla ya kuikabidhi kamba, dada akamgeukia yule bwana. "Mzee, jana ulisema hii pesa iko na nguvu. Ati kuku haiwezi kusogea karibu."

"Haiwezi, mama. Pesa ya kweli, kuku inatoroka."

"Basi si tuone tu."

Jogoo alikuwa chini ya tenga tangu jana, bila chakula, kwa sababu ndiye aliyekuwa kitoweo changu mimi mgeni. Dada akamwaga mahindi chini, sarafu ikawekwa katikati, tenga likainuliwa. Jogoo hakutoroka. Alikuja mbio, akadonoa punje mbili, akadonoa sarafu, akanyoosha shingo mara mbili, ikashuka.

Mwenye mali akapiga magoti amchungulie mdomoni. Kisha akasimama, akajipangusa, akasema kuku wa mama amekula mali yake, kwa hiyo biashara imekwisha na ng'ombe ni wake. Hapo pakazuka kesi. Wengine walisema aliyenunua ni jogoo, basi alipe jogoo. Jirani mmoja, askari mstaafu, alisema mali iliyo tumboni bado haijapokelewa rasmi. Jogoo akafungwa mguu kwenye nguzo kama mshukiwa. Tulibishana mpaka saa saba ndipo ikaamuliwa achinjwe, kwa vile angechinjwa tu.

Kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima, na mtu mwingine haigusi. Basi ikaletwa mbele yangu mbichi, kwenye sahani, na kisu juu yake. Nikabana lenzi tena, nikapasua. Changarawe za mle ndani zilikuwa zimefanya kazi niliyoshindwa kufanya mimi. Rangi ya dhahabu ilikuwa imebanduka mabaka mabaka, gundi iliyofunika kile kinundu imetoka, na kimebaki kisiki cha waya uliokatwa kwa tupa.

Askari mstaafu akainama. "Hiyo ni kifungo ya koti," akasema. "Mimi nilikuwa nazo sita."

Yule bwana akasema anatoka kidogo kupokea simu. Hatukuisikia simu ikilia. Tulimwona akivuka barabara ya lami, tai imepeperukia begani.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakamla jogoo. Firigisi nilikula mimi, maana kuikataa ingekuwa dharau. Kwa aibu niliimeza karibu bila kuitafuna.

Walipoondoka nilimkuta dada anamfunga ng'ombe mahali pake. Nikaanza kujitetea, mara betri, mara mwanga haukutosha.

"Nilijua tangu jana," akanikatiza. "Mtu ako na kitu ya mamilioni, anataka ng'ombe yangu ya nini?"

"Sasa uliniitia nini?"

"Useme wewe. Mimi nikikataa watasema ni woga wa mjane. Nawe ukaja ukasema ni ya kweli."

"Na bado ukamfungua ng'ombe?"

"Watu wote walikuwa wamekusikia." Alikuwa anakaza fundo, hakunitazama. "Ningekuaibisha aje mbele yao? Wewe ni ndugu yangu. Hiyo kuku ingetoroka, ningempatia huyo mzee ng'ombe tu."