Mafuta Kwenye Chombo cha Maziwa

Ninyi vijana mtakaosoma karatasi hizi, msinitafutie udhuru. Nawajua. Mtasema bibi alikuwa na njaa, bibi alitoka mbali, vita vilikuwa vimekwisha juzi tu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalonisafisha. Someni mpaka mwisho, kisha mnyamaze.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu herufi nilizipata Karagwe, Tanzania, kwenye darasa la ngumbaru, nikiwa tayari mama wa watoto wanne. Huko ndiko wazazi wangu walikokimbilia nikiwa msichana. Tulirudi Rwanda mwaka 1994: mimi, mwanangu wa kiume, na mke wake akiwa na mimba ya miezi saba. Kigali ilikuwa na nyumba nyingi zisizo na watu. Wenyewe wengine walikuwa wameuawa, wengine wamekimbia. Mwanangu alipata moja Kagarama, ya matofali, mlango umeng'olewa. Akaurudishia, akaandika juu yake kwa mkaa kwamba nyumba ina watu. Ndivyo wengi walivyofanya. Sikuuliza ni ya nani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, ila silo lililonishikisha kalamu.

Jikoni tulikuta vitu vichache ambavyo waporaji hawakuvitaka: sufuria iliyotoboka, jiwe la kusagia, na icyansi kimoja. Kwa ninyi msiokua na ng'ombe, icyansi ni chombo cha kuchongwa kwa mti, cheusi kwa moshi, na kifuniko chake cha kusuka kimechongoka juu. Ni cha maziwa, na maziwa peke yake. Hata maji hayalali humo. Binti anaolewa nacho, na mama yake ndiye anayemkabidhi. Hayo nilifundishwa kabla sijafundishwa kusali, kwa hiyo sitadai kwamba sikujua.

Mimi na mkamwana wangu tulianza kuuza chai na chapati pale njia panda ya Sonatubes. Siku ya pili dumu letu la mafuta likapasuka njiani. Nikakikumbuka kile chombo, jinsi kifuniko chake kinavyokaa vizuri. Nikasema moyoni: ng'ombe hakuna, maziwa hakuna, nani ataniuliza? Nikamimina mafuta.

Mti hunywa. Baada ya siku chache chombo kilianza kung'aa hata kwa nje. Mteja wetu mmoja, mzee aliyevaa koti la mvua hata juani, alikitazama akaacha kutafuna.

"Mukecuru," akaniita, yaani bibi kizee, na mimi wakati huo nilikuwa sijaufikia uzee huo. "Kule Tanzania ng'ombe wanakamuliwa mafuta ya chapati?"

Watu wakacheka.

"Kunywa chai yako, mzee. Ukitaka maziwa, lete ng'ombe."

"Ng'ombe wangu waliliwa. Lakini hata hao waliowala hawakukaangia kwenye icyansi."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Nikikumbuka kicheko changu kile, natamani kuziba uso.

Alasiri moja nilitangulia kurudi nyumbani, mkamwana akabaki kumalizia chapati. Nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa kitenge kifupi ambacho ungejua tu ni cha kuazima. Mwenye nyumba alisimama nje ya mlango wake akanibishia hodi mimi.

"Mama, nilikuwa naishi hapa."

Nikajaa mlangoni. "Nyumba ina watu. Nenda kwa wakubwa wa serikali."

"Sikuja kudai nyumba. Nitalala humo na nani? Wangu wote walikwisha. Nimefuata icyansi, nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Huko Gikondo ninakokaa kuna jirani amepata ng'ombe, ameniahidi maziwa. Naona haya kwenda kuyapokea kwa bakuli, kama mpita njia."

"Hakuna," nikasema. "Tulikuta jiko tupu. Waporaji walibeba kila kitu."

Nilidanganya huku namtazama machoni. Niliogopa kwamba akipewa hicho atarudia kingine, kisha kingine, mpaka afike kwenye kuta. Hata maji ya kunywa sikumpa. Naye akanishukuru! Akasema asante, mama, akageuka aende zake.

Hapo mkamwana akaingia uani, icyansi amekikumbatia juu ya tumbo lake.

"Mama, mafuta yamebaki kidogo. Niyaache humu humu?"

Mwanamke yule akakipokea kwa mikono miwili. Akakifungua. Akanusa. Mimi nikangoja matusi, maana matusi ningejua kuyajibu. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Mama, hamkuwa na chupa?"

Akakiweka kizingitini polepole. "Sasa nitatia nini humu?" Akaondoka.

Siku nne sikukanyaga Sonatubes. Nilikisugua kile chombo kwa majivu na maji ya moto, nikakifukiza kwa moshi wa nyasi kavu, nikakianika, nikarudia. Siku ya nne nikatafuta maziwa mtaani, nikayatia, nikakaa kando nikangoja. Yakapanda juu macho ya mafuta, madogo, ya mviringo, yamenikodolea. Maziwa hayamwagwi, hilo nalo nilifundishwa. Nikayanywa mwenyewe mpaka tone la mwisho, pamoja na ladha yake ya chapati.

Jioni hiyo nilimwambia mwanangu tunahama.

"Mama, kwa ajili ya chombo? Tutamtafutia kingine. Na mwenyewe kasema nyumba haitaki."

"Aliuliza atalala na nani. Hakusema haitaki."

"Na huyu na tumbo lake, twende wapi?"

"Huko wanakobanana wenzetu tuliorudi nao. Umezaliwa ukimbizini, hujafa. Kesho asubuhi nakwenda Gikondo kumtafuta yule mama, na sitarudi bila yeye."

Mkamwana alikuwa ameshaanza kukunja nguo.

"Fungeni mizigo," nikawaambia. "Futeni yale maandishi ya mkaa mlangoni, yatoke yote. Fagieni, jazeni mtungi maji, wekeni kuni jikoni. Na mtu asitoke humu na hata kijiko ambacho hakikuvuka nasi mto wa mpakani."