Amri Yangu ya Kuanika Vitanda

Siku niliyoripoti kazini nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na cheti changu nilikibeba ndani ya bahasha, tayari kuulizwa. Sikuulizwa. Meneja wa shamba la mkonge, mbele kidogo ya Muheza, alinitazama viatu akasema, "Wewe daktari mpya? Basi, anza kazi."

Iliniuma. Miaka ile ya hamsini diploma ya utabibu haikuwa kitu cha kuokota njiani. Mimi mtoto wa Makorora, niliyejisomesha kwa kuuza machungwa stesheni, nilikwenda Uganda na sanduku la mbao nikarudi na cheti chenye mhuri. Wachache wa rika langu walifika huko, na sikumbuki aliyenishinda alama.

Nilikuwa na kazi mbili: kutibu wagonjwa katika zahanati ya shamba, na kukagua usafi wa kambi, yaani zile nyumba za mstari walimoishi wafanyakazi, wanne wanne chumba kimoja. Wiki ya kwanza nilikuta kunguni wamejipanga kwenye kamba za vitanda kama shanga. Nikatoa amri iliyonipa jina. Kila siku saa moja asubuhi vitanda na mikeka yote itolewe nje ianikwe juani mpaka saa kumi alasiri, na sakafu zimwagiwe maji ya dawa. Kitanda kisichoonekana nje, nyapara amwandike mwenye nacho.

Baada ya mwezi mmoja ungemtafuta kunguni kwa taa usimpate. Meneja alikuja mwenyewe zahanati kunipa mkono. "Daktari, wewe iko kazi mzuri sana," akasema. Nilijisifu, na hata leo najisifu. Kunguni kweli walikwisha.

Kisha ukaja ugonjwa nisioujua.

Ulianzia kwa watu wa korona, zamu ya usiku. Korona ni mashine kubwa inayoparua majani ya mkonge zikabaki nyuzi, na mlishaji ndiye anayeisukumia majani kwa mikono yake. Watu hao walinijia macho mekundu, mikono ikitetemeka. Chakula hawakitaki. Vidonda vya miiba ya mkonge, ambavyo hukauka kwa siku chache, vilibaki vibichi wiki nenda wiki rudi. Wawili waliokula sahani moja miaka mingi walipigana kwa ajili ya kata ya maji. Nilipima damu kwa darubini, sikuona malaria. Nilipima choo, sikuona safura. Niliwapa kwinini hata hivyo, kisha dawa ya kuongeza damu. Hawakupata nafuu. Lililonichanganya zaidi ni kwamba wenzao wa zamu ya mchana, walioishi vyumba vile vile na kunywa maji yale yale, walikuwa wazima kama ng'ombe. Nilikisoma kitabu changu mbele na nyuma. Nikaanza kushuku darubini.

Mgonjwa aliyenihangaisha kuliko wote ni Faki Kombo, Mpemba wa makamo, mlishaji hodari. Mara mbili jirani yake alimvuta shati kabla mkono haujaingia kwenye meno ya mashine. Meneja akaniletea karatasi.

"Huyu lewa," akasema. "Mimi hapana taka mtu lewa kwa korona. Wewe andika, mimi fukuza."

"Faki hanywi, bwana. Ni mtu wa sala tano."

"Basi iko ugonjwa gani?"

Nikamwomba anipe mpaka jioni. Nisiposema neno, Faki angefukuzwa kwa sahihi yangu. Akiachwa vile alivyo, angepoteza mkono.

Saa sita mchana nikaenda kambini, nia yangu nimnuse kinywa. Nilimkuta amechuchumaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kichwa kinamwanguka, anakiinua, kinaanguka tena. Mbele yake vitanda vinne juani.

"Shikamoo," nikamwambia. "Mbona hujalala?"

"Marahaba, Bwana Tabibu. Nalalia wapi? Kitanda hicho kiko juani. Mkeka huo. Ndani maji ya dawa."

"Unafanya nini hapa, basi?"

"Nalinda vitanda visiibwe. Wa mchana wako kazini, nani mwingine atalinda? Amri yako, baba."

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Watu hawa walitoka korona saa kumi na mbili asubuhi, na saa moja mimi nikawanyang'anya kitanda mpaka alasiri. Wakishapika na kula, zamu imefika.

"Mzee Faki, kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie wewe? Wewe umesoma. Sisi tulidhani wajua." Akapiga mwayo. "Twasema, labda huko Uganda watu hawalali."

Sikucheka siku ile. Nilikwenda ofisini, na kwa mtu kama mimi njia ile ilikuwa ndefu. Nikamwambia Meneja, "Faki hajalewa. Ugonjwa nimeuleta mimi." Nikamweleza habari ya vitanda na watu wa usiku. Akauliza, "Kunguni rudi?" Nikamwahidi hawatarudi. Zamu ya usiku wakapewa mstari wao peke yao, mbali na kelele za vinu vya akina mama, na vitanda vyao vikaanikwa Jumapili tu.

Sikuwapa kidonge hata kimoja. Walilala. Wiki ya pili vidonda vikaanza kukauka, chakula kikalika, wale wawili wakarudia sahani moja. Usingizi ulifanya kazi ambayo kabati langu zima lilishindwa.

Nimestaafu, nakaa Chumbageni, na cheti kiko ukutani. Vijana wa utabibu wakija kunisalimu huwaambia: kabla ya darubini, muulize mgonjwa amelala lini, na wapi. Mpaka leo sijui ilikuwaje nikawauliza watu wale maswali mengi namna ile, nikaliacha hilo moja.

Faki alikuja kuniaga alipokuwa anarudi Pemba. Aliponipa mkono, sikuuachia upesi. Nilivihesabu vidole vyake, vyote vitano, kisha nikamwomba na mkono wa pili.