Msomi Kwenye Meza ya Omena

Mimi huuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, sokoni Migori, na meza yangu imegusana na ya Rispa. Kwa hivyo haya sikuhadithiwa, niliyaona.

Rispa alimsomesha mwanawe Maxwell kwa omena za kisiwa cha Remba mpaka kijana akatoka chuo kikuu na shahada ya ujasiriamali. Tulicheza siku ile, jamani! Halafu akakaa nyumbani miaka miwili akituma barua za kazi. Kila ofisi ilimuuliza kitu kimoja: una uzoefu gani? Biashara ameisoma, lakini hajawahi kuuza hata kiberiti.

Basi Rispa akavunjika mguu. Akamwachia mtoto meza, pamoja na wateja aliowatunza miaka kumi na minane. "Usinipotezee watu wangu," akamwambia. "Hiyo meza ndiyo shamba letu."

"Mathe, tulia. Mimi nimesomea hii kitu."

Siku ya pili nikamkuta amefunga omena zote kwenye pakiti za karatasi, gundi juu, jina la kampuni mbele. Akaja Mong'ina mwenye hoteli, mteja wa Rispa tangu zamani. Akanyoosha mkono achukue mbili tatu atafune, maana huku hakuna anayenunua omena kabla jino halijamwambia kama ina mchanga.

"Madam, hapana kugusa," Maxwell akasema. "Usafi kwanza."

"Sasa nitajuaje?"

"Soma hapo nyuma ya pakiti."

Mong'ina akamtazama, kisha akanitazama mimi. Nikamsogezea karai langu. Ningefanyaje? Na mimi nina watoto. Wiki mbili hazikuisha, nusu ya wateja wa Rispa walikuwa wanatafuna kwangu, na Maxwell ameketi anaandika kwenye kompyuta kwamba shida ni wateja, hawajaelimika. Nilifurahi na kuona aibu, vyote pamoja.

Rispa akasikia. Akaja na magongo, plasta mguuni, akaanza kupasua pakiti na kumwaga omena juu ya gunia. Hakumtukana. Ningekuwa mimi!

Hajamaliza, simu ya Maxwell ikalia. Shirika moja kule Homa Bay lilikuwa linatafuta msomi wa kufundisha akina mama wa sokoni jinsi ya kuuza omena. Kwenye fomu Maxwell aliandika kwamba anasimamia biashara, sasa walitaka kuongea na mwenye hiyo biashara. Rispa akapokea.

"Ndiyo, ameshika meza yangu... Bidii? Anayo, haki ya Mungu... Aanze lini? Hata leo! Nguo zake nampakia sasa hivi."

Maxwell akamkumbatia mama yake, machozi yanamtoka, akakimbia nyumbani kupiga shati pasi. Nikamwinamia Rispa.

"Mama Maxwell, unajua huyu anaenda kuwafundisha nini hao wanawake wa Homa Bay?"

"Najua," akasema, huku anapasua pakiti nyingine. "Mungu awasaidie. Lakini akikaa hapa wiki moja zaidi, omena nitakuja kununua kwako."