Kitanda cha Udongo Moto

Gideon alianguka kutoka mtini akavunjika paja, na mizinga yake ikabaki porini Ugalla bila mwenyewe, asali imeiva. Mkewe, Esteria, hakungoja kuombwa. Alifunga jembe na ndoo kwenye baiskeli, akamwambia Bartolomeo, mdogo wa mumewe, "Kesho tunakwenda wote dagoni."

Bartolomeo alicheka. Dago lao, ile kambi ya warina asali, halijawahi kulaza mwanamke. "Shemeji, Julai hii? Baridi ya kule inakata kama wembe. Utaomba kurudi."

"Nikiomba, unirudishe."

Esteria alikulia nyuma ya ng'ombe. Wazazi wake Wasukuma walihamia Katavi na mifugo yao, na safari nzima alilala nje, akiwa mtoto wa kuswaga ndama. Tabia ya baridi aliijua: humpanda mtu kutoka ardhini kabla haijamshukia kutoka juu.

Walipokuwa wanavuka kijito, baiskeli ya Bartolomeo iliteleza, mablanketi yote yakazama. Walifika dagoni jua linatua, mablanketi yanachuruzika. Bartolomeo aliwasha moto akaukumbatia kwa macho. Tumbo likiungua, mgongo unaganda. Akigeuka, hivyo hivyo.

Esteria alishika jembe akaanza kuchimba mtaro wa urefu wa mtu.

"Unamchimbia nani kaburi?"

"Nachimba kitanda. Wewe kata nyasi kavu, nyingi."

Alichimba miwili, mmoja huku na mwingine kule, maana shemeji ni heshima. Ndani yake akachoma kuni mpaka zikawa makaa. Makaa akayazoa yote, akafukia udongo mkavu unene wa shubiri, akapima joto kwa kiganja. Kisha akaleta salfeti walizobebea unga na vyombo. Moja aliichomeka ndani ya nyingine, katikati akashindilia nyasi.

"Hilo blanketi lako," alisema. "Lala."

Bartolomeo alijilaza kwa mashaka, kama mtu anayeingia maji asiyoyajua kina. Muda si mrefu meno yakaacha kugongana.

"Shemeji."

"Nini tena?"

"Mgongo wangu umefika Karema, unaota jua ufukweni."

Esteria alicheka peke yake gizani, akajifunika salfeti zake, nazo zimeshindiliwa nyasi. Alipofumbua macho, kwale walikuwa wanalia na umande umelowesha kila kitu isipokuwa wao.

Walirina mpaka ndoo zikajaa. Nyumbani, Bartolomeo alimsimulia kaka yake habari ya kitanda kabla hata hajataja asali, na warina wengine wakaanza kuja uani kuuliza udongo uwe unene gani.

Mwaka huu Gideon anatembea tena, kwa fimbo. Juzi alimuuliza mdogo wake nani anaongoza msafara wa dagoni.

"Muulize mkeo," Bartolomeo alijibu. "Sisi tumeshamwomba atuchukue."