Mkaguzi wa Gesi wa Lubumbashi

Kalenga alisomea Ulaya namna ya kulinda gesi asilia. Alijua kwa nini kisima cha mafuta hakifunguliwi chote kwa pupa, na kwa nini gesi inayopanda na mafuta haifai kuchomwa bure hewani. Aliporudi, Serikali ilimpa ofisi, kiti cha kuzunguka na cheo cha mkaguzi wa mkoa. Mkoa wenyewe ulikuwa Shaba, wa migodi ya shaba, na makao yake Lubumbashi. Visima vya mafuta vilikuwa upande wa pili wa nchi, baharini, lakini ilikuwa imeamuliwa kwamba kila mkoa uwe na mkaguzi wake. Miaka ikapita. Kalenga alivaa abacost, suti ya Chama tawala isiyo na tai, akaripoti kwamba hakuna gesi iliyopotea Lubumbashi. Ilikuwa kweli.

Kisha watu waliokuwa wakichimba kisima cha maji huko Naviundu, pembeni mwa mji, wakakosa maji. Mmoja aliwasha sigara, hewa iliyotoka bombani ikashika moto na kumla nyusi. Wakaliacha bomba, wakaenda zao. Mama Hortense, mjane kutoka Kasai aliyeuza bukari, yaani ugali, na samaki karibu na hapo, akapanga mawe kulizunguka na kuacha kununua makala, yale makaa ya kupikia.

Kalenga alipopata habari na kufika, moto ulimpita kimo, na wote ulikuwa wa kupikia sufuria moja.

"Papa, unakuja kunifungia moto?" Mama Hortense aliuliza.

"Hapana, mama. Nakuja kuupunguza. Ukiacha gesi iwake hivi, itaisha. Tukifunga kidogo, utapika siku mingi."

Akafunga vali ya kupunguza gesi kwenye bomba, akipiga mluzi kwa furaha. Hatimaye alikuwa na kitu cha kulinda. Kila mchana alikuja kupima nguvu ya gesi, akala bukari hapohapo.

Furaha hiyo ilimponza, maana alimweleza mkubwa wake wa kazi. Mkubwa alikuja mwenyewe, akautazama ule moto mdogo wa buluu.

"Citoyen Kalenga, raia mwenzangu, mbona mdogo hivi?"

"Tunahifadhi, Citoyen. Sheria inakataza kuichoma bure."

"Sikukuu ya Chama imekaribia. Alama ya Chama ni nini?"

"Mwenge."

"Basi. Hiyo haitakuwa bure."

Mama Hortense akahamishwa na sufuria zake. Siku ya sikukuu, Kalenga mwenyewe ndiye aliyefungua vali, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua. Moto ukapanda ukinguruma, akina mama wakacheza. Mkubwa akahutubia juu ya kutunza utajiri wa ardhi yetu, kisha akambandika Kalenga medali. Kabla bia haijaisha, moto ulikohoa, ukazima, na bomba likatema tope. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Kesho yake Kalenga alimpelekea Mama Hortense gunia la makala. Mama aliitazama ile medali, iliyokuwa bado kifuani.

"Iko ya nini? Ya zahabu?"

"Ya shaba."

"Ah. Basi iko ya hapa kwetu."

Kalenga alicheka mpaka machozi yakamtoka, ingawa mengine hayakuwa ya kicheko. Akaketi, akachukua kifuniko cha sufuria, akaanza kupepea mbabula, jiko la makaa.

Ofisi yake haikufungwa. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya mafanikio hayo, aliongezewa msaidizi.