Dawa ya Kahawa kwa Mbwa wa Mama Mkwe

Nilipoolewa Mpepai, huku milimani, nikitokea Chiwanda, nilidhani nawajua wanyama wote wa nyumbani, kumbe nilikuwa najua paka tu. Kwetu ziwani paka hahitaji daktari. Ukimtupia usipa, dagaa wetu wa ziwani, akaunusa na kugeuza uso, ujue anaumwa. Mfungue mdomo, mara nyingi utakuta mwiba wa samaki umekwama kwenye ufizi. Unaung'oa, anakuparura, mnasameheana. Mbwa sikuwa na habari nao.

Mama mkwe alikuwa naye mmoja, mwekundu, sikio lake moja limechanwa na nguruwe pori. Baba mkwe alipofariki, mbwa huyo ndiye aliyempa mama moyo wa kuendelea kulima shamba la mbali, maana alilala mlangoni mwa kibanda na hakuna ngedere aliyethubutu kugusa mahindi. Jumapili walikwenda kanisani pamoja, mbwa akabaki nje mpaka misa iishe. Mimi nilichokiona ni kupe. Walijaa masikioni na katikati ya vidole, wamevimba kama mbegu za nyonyo, na ufizi wa mbwa ulikuwa umepauka kwa kunyonywa damu. Nikasema moyoni, leo nitawaonyesha hawa watu wa mlimani maana ya usafi.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Zamani dawa ya kahawa, ile ya kuua wadudu wa mikahawa, ililetwa na chama cha ushirika, pamoja na bwana shamba wa kuwafokea wasiofunika pua. Sasa iliuzwa gulioni, imemiminwa kwenye chupa za soda, haina karatasi wala maelezo, na muuzaji alikuapia kwamba inaua kila kidudu. Kwani kupe si kidudu? Asubuhi ile dawa kidogo ilikuwa imebaki kwenye bomba. Nikamfunga mbwa kwenye mti, nikamnyunyizia kuanzia kichwani mpaka mkiani, nikamsugua kwa mikono yangu mitupu. Kupe wakaanza kudondoka. Nilikuwa naimba.

Ilipofika saa sita mbwa alikuwa anachuruzika mate, anatapika, miguu inamtetemeka. Mama mkwe alirudi kutoka kisimani, akatua ndoo, akamtazama mara moja tu. "Huyu amelishwa sumu," akasema. Na mlishaji alishamjua: jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ambaye wiki ile alikuwa amepoteza kuku wawili na kumlaumu mbwa wetu. Akajifunga kanga kiunoni, akaanza kushuka.

Hapa nisijipambe. Nilinyamaza. Nilimwacha afike mpaka uani kwa mtu, nikaisikia sauti yake ikipanda. Nikisema, niliwaza, nitarudishwa kwetu na begi langu. Nisiposema, mbwa atakufa bila kujulikana ameugua nini, na mtu asiye na kosa atabeba dhambi yangu mpaka kaburini. Njia ya mwongo fupi, na ile ya kwa jirani ilikuwa fupi zaidi. Niliishuka mbio, nikasema mbele yao wote wawili, "Mama, ni mimi. Nimempaka dawa ya kahawa."

Akanipita, akarudi mbio kwa mbwa wake. Jirani, ambaye matusi yalikuwa bado hayajampoa masikioni, ndiye aliyechukua baiskeli akamfuata bwana mifugo. Serikali ilikuwa imempunguza kazini, naye akafungua kiduka cha dawa za mifugo pale senta. Nitangulie kusema kwamba mbwa alipona, na aliwafukuza ngedere kwa miaka mingine mingi, ili msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi.

Walipofika, mama alikuwa ameshika kikombe cha maziwa. "Shikamoo, Mama. Hayo maziwa weka kando," bwana mifugo akasema. "Mbwa anayetetemeka hivi hanyweshwi kitu, kitaingia mapafuni." Akamchoma sindano, akasubiri, akamchoma nyingine. Akatuamuru tumwoshe kwa sabuni ya mche na maji mengi, mikono tukiifunika kwa mifuko ya nailoni. Dawa ya kuogeshea mbwa ipo, alisema, na ina kipimo chake. Hii ya kahawa inapenya ngozi, na mbwa naye hujilamba. Nilikuwa nimeinamia beseni, simtazami mtu.

"Na aliyempaka," akauliza, "yeye ameshanawa?"

Sikuwa nimenawa. Mama mkwe akamwacha mbwa akiwa amejaa povu, bado anatetemeka, hatujui kama atapona. Akavuta beseni la pili, akanishika mikono yote miwili, akanisugua mpaka viwikoni kwa nguvu za kusugulia sufuria, huku akigomba kwa Kimatengo ambacho wakati ule sikukijua. Nikaanza kulia. Ndipo akashika Kiswahili, ili nisikie vizuri.

"Mtoto mjinga wewe. Mbwa nitafuga mwingine. Mama yako ningemwambia nini?"