Ukungu wa Mnara wa Kupozea

Mjomba wangu ndiye aliyenitafutia kazi kwenye kiwanda cha barafu, pembeni ya mji wa Kyela, nilipomaliza chuo cha ufundi. Yeye alikuwa fundi pale tangu mitambo inafungwa. Barafu yetu ilikwenda kwa wachuuzi wa samaki wa ziwani, na mitambo ya kuigandisha ilitoa joto jingi. Joto hilo lilibebwa na maji hadi kwenye mnara wa kupozea, sanduku refu la bati nyuma ya jengo. Maji yananyunyizwa juu, yanachuruzika kwenye plastiki zilizokunjwakunjwa, na feni ya kileleni inavuta hewa kuyapoza. Maji yaleyale yanazunguka mchana na usiku. Yasipotunzwa, yanaoza.

Kuyatunza ilikuwa kazi yetu. Tunazima feni, tunafunga swichi kwa kufuli, tunamwaga maji yote, kisha tunakwangua magamba ya chokaa na kuosha utelezi wa kijani kwa mpira wa presha. Mwisho tunatia klorini.

Masika ya mwaka ule nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshatoka. Pampu ndogo ya kutia klorini ilikuwa imekufa, klorini yenyewe imeisha, na meneja kila alipoulizwa alijibu kwamba vyote viko njiani kutoka Dar. Siku ya usafi tulipofungua mlango wa mnara, harufu ilitufanya tugeuze nyuso. Utelezi ulikuwa mzito kama uji.

Nikaanza kukunja suruali. Mjomba akanishika bega.

"Leo wewe kaa nje, mwanangu. Mimi nitaingia."

"Mjomba, na kifua chako hicho?"

"Kifua changu nimekizoea. Huyo aliyemo tumboni mwako hajazoea kitu."

Alijifunga kipande cha kanga puani, akaingia na mpira. Presha ilipogonga magamba, ukungu ulijaa ndani hadi nikawa naona miguu yake tu. Nilimsikia akikohoa, kisha akiimba wimbo wa kanisani, kisha akikohoa tena. Alipotoka, nyusi zikichuruzika maji, alinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," kana kwamba mimi ndiye niliyefanya kazi.

Wiki iliyofuata hakuja kazini. Nilimkuta kwake kijijini Bujonde, amelala kwenye mkeka, anatetemeka wakati jua linawaka. Zahanati walikuwa wamempa dawa za malaria ingawa kipimo hakikuonyesha kitu. Homa haikushuka. Akaanza kuweweseka, akimwita marehemu mama yake. Jirani mmoja alinong'ona kwamba amelogwa na mtu anayeionea wivu kokoa ya shambani kwake. Mke wa mjomba akaanza kufungasha nguo za mumewe.

Tukampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua, akauliza anafanya kazi gani. Nilimweleza habari za mnara, utelezi na ule ukungu. Akaweka kalamu chini.

"Kuna vijidudu vinavyokaa kwenye maji ya namna hiyo," alisema. "Mtu akivuta ukungu wake, vinaingia mapafuni. Hapa sina kipimo cha kuthibitisha. Nitambadilishia dawa, lakini mmechelewa kumleta."

Alifariki Jumapili, nikiwa nimemshika mkono. Mkewe alikuwa ametoka kuchota maji ya kumpangusa uso. Aliporudi alijua kabla sijasema. Aliiweka ndoo sakafuni polepole sana, kama anayeogopa kumwamsha.

Baada ya matanga nilirudi kiwandani. Mnara ulikuwa unaunguruma, klorini bado hakuna. Nilizima feni, nikafunga swichi kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Mitambo ikapata joto, ikajizima yenyewe. Meneja akaja mbio.

"Barafu inayeyuka! Unataka wachuuzi wanipige?"

"Iyeyuke. Mnara hauwashwi bila klorini. Na hakuna mtu ataingia tena humo na kanga puani."

Akasema atanifukuza. Mafundi wengine walikuja wakasimama upande wangu. Kesho yake klorini ilipatikana Mbeya, pamoja na barakoa za mpira zenye vichujio. Pampu ikafuata. Kumbe vyote vilikuwa karibu hivyo! Nilikwenda nyuma ya mnara nikalia.

Nilipokwenda Bujonde kumweleza mke wa mjomba, alikuwa anaanua kokoa iliyoanikwa kwenye turubai, wingu limeshakaribia.

"Kwa hiyo ni yale maji?" aliuliza.

"Daktari anadhani hivyo, mama. Hakuna aliyepima."

Akanisogezea pembe ya turubai.

"Nisaidie upande huo," alisema, na tukaiingiza kokoa ndani.